Mpira Laini wa Shimo la Nne

Kwa hesabu yangu, na nimeirudia mara mbili, suala zima la shimo la nne lilikula mabati manne, kioo kimoja cha dirisha, wavu wa dagaa uliotoka Karema, makopo ya puti ya magari ambayo fundi wa bodi hadi leo anayaulizia, na mbuzi mmoja wa Mwese ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa gofu. Matusi niliyopewa sijayaweka, maana hayo niliyapata bure.

Nimestaafu juzijuzi. Nyie makedi wa kubeba fimbo na wafyekaji mliobaki kiwanjani mmeniomba niandike mambo ya kazini, na nadhani mlitegemea nianze na jinsi nilivyopanda kutoka kibarua mpaka msimamizi. Siku niliyopanda nilipewa panga jipya na kazi ileile, kwa hiyo hilo limeisha. Nitaandika juu ya mpira: kwa nini unaruka, kwa nini unaanguka, na kwa nini kule shimo la nne tunawalazimisha watu wazima wenye magari kupiga mpira mbovu kwa makusudi. Wageni wakiuliza mnawajibu "ndiyo utaratibu." Utaratibu una historia yake, na ni vizuri muijue kabla hamjaanza kuubadilisha.

Nilikuja kiwanjani nikitokea Mpimbwe, kwenye mpunga, nikiwa na ujuzi wa kufukuza ndege shambani na kubishana bei. Aliyenipokea ni Mzee Deusi, Mbende mfupi wa hapahapa Mpanda, aliyekuwa akikitunza kiwanja tangu watu wa mgodi walipokiacha. Hakuniuliza cheti. Alitoa mpira mfukoni akauweka kwenye kiganja changu.

"Hiki nini?"

"Yai," nikasema.

"Yai la nani?"

"La kuku aliyeugua ndui."

Hakucheka hata kidogo. "Basi kazi yako ni kuokota mayai. Ukirudi na pungufu, kuku atakutafuta."

Kiwanja chenyewe mnakijua: mashimo tisa, nyasi wakati wa masika, vumbi wakati wa kiangazi. Kuzunguka kila shimo hatuna ule uoto laini wanaouonyesha kwenye televisheni. Tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini ili upepo usiuhamishe, na wachezaji wanauita brauni. Mgeni akiuona mara ya kwanza anadhani lori limevujia pale, na anauliza kwa upole kama dereva alipona.

Wiki ile ya kwanza Mzee Deusi alinipandisha kwenye mnara wa tangi la maji, akiwa na mpira mkono mmoja na jiwe mkono mwingine. Jiwe lilikuwa na ukubwa uleule lakini zito zaidi.

"Nikiachia vyote kwa pamoja, kipi kitatangulia chini?"

"Jiwe, Mzee. Hilo hata mtoto anajua."

"Unaweka nini?"

Nikaweka ugali wangu wa mchana. Akaachia. Vikagonga chini kwa mlio mmoja, na siku ile nilishindia maji. Alipokuwa anakula sehemu yangu, bila aibu na bila haraka, akaniambia: "Ardhi inavuta vyote sawasawa. Haina mjomba wala shemeji. Sasa ukiona mpira mmoja umekwenda mbali na mwingine, uliopigwa vilevile, umeanguka karibu, usiisingizie ardhi. Tafuta mwizi mwingine."

Mwizi huyo ni hewa. Ilinichukua miaka kumkamata, maana haonekani, na kila mtu kiwanjani ana maelezo yake kuhusu sura yake.

Zana zangu hazikuwa nyingi. Nilikuwa na ndoo, brashi ya kufulia, na pete niliyokatiwa na fundi kutoka kwenye bomba ili kupimia ukubwa, kwa sababu mipira ya zamani sana ilikuwa midogo kidogo na wapo waliopenda kuipenyeza. Nilikuwa pia na chumvi ya Uvinza, ambayo ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kumtuliza Mama Kizito, aliyelima mahindi nyuma ya shimo la sita na kuokota mipira yote iliyopotelea huko. Yeye alitaka chumvi, mimi nilitaka mipira, na hakuna siku tuliyokubaliana kabla jua halijawa kali.

"Mama, huu una kidonda. Umekatwa na fimbo."

"Na mahindi yangu yamekatwa na mpira. Nani amlipe nani?"

"Nakupa nusu ya mfuko."

"Nusu kapikie wewe. Mimi nina watoto wanaoonja."

Nilikuwa naondoka pale nikiwa nimempa mfuko mzima na ahadi ya sabuni, halafu njiani nahesabu mipira tena kuona kama kweli mimi ndiye niliyekuwa mfanyabiashara.

Kazi ya pili ya chumvi ndiyo naomba muiendeleze. Mpira wa gofu ukiutia kwenye maji matupu unazama. Mimina chumvi ya kutosha, koroga, utaelea. Usukume uzunguke, usubiri utulie, kisha weka alama ya kalamu pale juu. Usukume tena. Alama ikirudi juu palepale kila mara, ujue mpira una upande mzito. Ukiwa hewani unayumba kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, na mchezaji atakulaumu wewe uliyemuuzia. Huo weka kando, uuzie watu wa kujifunza. Wao wanayumba wenyewe, hawatajua tofauti.

Kuhusu hewa, aliyenifungua macho ni Mwalimu Ester. Anafundisha fizikia sekondari hapa mjini, na alijiunga na klabu kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alipangiwa kazi Mpanda na Jumamosi zilikuwa ndefu. Anapiga mpira ulionyooka na anaongea vilevile. Siku moja alikuja mgeni kutoka Dar, mchezaji mzuri, akatumia fimbo anayoitumia siku zote kwa umbali ule. Mpira ukapita juu ya brauni ukaingia kwenye muhogo. Akaitazama fimbo kama imemtukana.

"Huku tuko juu, kaka," Mwalimu Ester akamwambia. "Hewa ya kwenu pwani imebanana. Ya huku imepungua kidogo, haiubani mpira sana."

"Kwa hiyo huku nina nguvu zaidi?"

"Hapana. Hewa ndiyo imelegea. Wewe uko vilevile."

Mzee Deusi, aliyekuwa ameshika bendera, akadakia kwamba hewa mbaya kuliko zote ni ya masika, imejaa maji, nzito kama blanketi. Mwalimu akasema sivyo, hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Masika mpira hauendi mbali kwa sababu unaangukia tope na haubiringiki, na asubuhi ya baridi hauendi mbali kwa sababu baridi inaibana hewa na inaufanya mpira wenyewe kuwa mgumu. Mzee akamuuliza kama amewahi kukipima hicho anachokisema au amekisoma. Akajibu amesoma, na aliowasoma walipima. Walibishana hivyo kila masika, kwa heshima kubwa, na hakuna aliyewahi kuhama upande wake. Mimi niliwahi kuwauliza wote wawili mpira utaangukia wapi, wakanionyesha palepale, nikaona ugomvi wao haunihusu.

Sasa nifike kwenye rangi, maana bila rangi hakuna hadithi.

Miaka ile mpira mpya ulikuwa haupatikani Mpanda. Uliokuwepo ulichezwa mpaka ukawa na sura ya kiazi kilichochomwa. Ndipo Mzee Deusi akaanzisha desturi ya kuivisha mipira rangi. Unaisugua kwa brashi, unaikausha, unaichovya kwenye rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango, unaipanga juu ya ubao wenye misumari, kivulini, mpaka kesho yake. Inatoka inang'aa kama meno ya bandia. Mpira ukichakaa tena, unachovywa tena. Ilikuwepo iliyovaa rangi tabaka juu ya tabaka kama mtu aliyetoka Mwese, kule milimani kwenye baridi, asubuhi ya Julai.

Wachezaji walilalamika. "Mipira ya Deusi haiendi," walisema. Yeye aliwajibu kwamba mpira hauna miguu, unakwenda unakotumwa, na wajiangalie viwiko. Kwa kuwa alisema bila kucheka, wengi walikwenda kujiangalia viwiko.

Zahanati ilikuja baadaye. Eneo la nyuma ya shimo la nne lilikuwa pori tu, halafu mji ukakua, watu wakahitaji huduma, likajengwa jengo zuri la bati jekundu lenye chumba cha kujifungulia upande wa huku kwetu. Shimo la nne linapigwa kuelekea kulekule. Hakuna aliyekosea, si waliojenga wala sisi. Ila siku moja bati likalia, na nusu saa baadaye muuguzi mkunga msimamizi wa zahanati akavuka nyasi akiwa amebeba bakuli la chuma, lile la kuwekea sindano. Ndani yake kulikuwa na mpira.

Huyo ndiye Sista Perpetua, mzaliwa wa Karema, mwanamke anayezungumza taratibu sana anapokasirika.

"Huyu mgonjwa wenu amefika bila kadi," alisema. "Nani ndugu yake?"

Tulitazamana. Ndugu yake alikuwa mchezaji tuliyemwita Bwana Tumbaku, kwa kuwa alinunua tumbaku kwenye vijiji vya Katumba. Alikuwa na mkono mrefu kuliko wote klabuni na alijua hivyo. Siku ile alijua pia kwamba gari lake liko karibu, akaondoka.

Tukabadilisha bati, tukajaribu miti. Tulipanda miche mizuri mstari mzima, mbuzi wa mtaani wakaihitimisha kabla haijafika magotini. Tukajaribu wavu. Nilikwenda Karema mwenyewe, nikabishana ufukweni nusu siku, nikarudi na wavu wa dagaa uliokwishastaafu, tukaufunga kwenye nguzo. Ulisimama vizuri sana kwenye upepo mdogo. Upepo mkubwa ulipokuja uliuchukua pamoja na nguzo mbili, na mara ya mwisho nilipouona ulikuwa juu ya banda la kuku la mtu, ukifanya kazi.

Bati la pili, la tatu, la nne. Halafu kioo.

Siku ya kioo kulikuwa na mama chumbani, katikati ya uchungu. Vipande viliangukia upande wa ukutani, hakuna aliyekatwa, na mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Lakini sote tulielewa. Tulimtafuta mbuzi, akaletwa kutoka Mwese kwa pikipiki, amekaa katikati kama abiria aliyelipa nauli, tukampeleka kwa familia ya yule mama pamoja na pole zetu. Sista Perpetua alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbuzi nimemwona," alisema. "Mbuzi anaziba dirisha?"

"Kioo kinakuja, Sista."

"Na mpira unaofuata unakuja lini? Nipangie, niwaambie wazazi wasubiri."

Wiki ile mwenyekiti wa mtaa alikuja kiwanjani mwenyewe, akakaa juu ya ndoo yangu, akatuambia bila kupiga kelele kwamba mpira mmoja tu ukitua tena juu ya zahanati, kiwanja kinafungwa, na hatatusaidia kubishana kwa sababu na yeye mkewe anajifungulia pale. Kulifunga shimo la nne peke yake hatukuweza, maana njia ya kwenda la tano na kurudi inapita hapohapo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Upande mmoja kina mama na vichanga. Upande wa pili makedi, wafyekaji, Mzee Deusi aliyekwisha kuzeeka, na mimi. Nilihesabu mara mbili na mara zote mbili kina mama walishinda, hata kwenye moyo wangu mwenyewe, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Jibu lilipatikana kwenye malalamiko. Nilikuwa najaribu kumuuzia Bwana Tumbaku gunia la mipira iliyovishwa, ile ya tabaka nyingi isiyotakiwa na mtu, nikimwambia ni bei ya kuaga.

"Gaspari, mipira yako hii haifiki popote," alisema. "Naipiga kwa nguvu zote inaanguka kama embe."

Mwalimu Ester alikuwa anafunga viatu. Akainua kichwa. "Hebu rudia."

"Inaanguka kama embe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mwambie huyu aache kuuza maembe."

Mwalimu akaniangalia, mimi nikamwangalia, na nadhani tulifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti. Yeye alipita kwenye fizikia. Mimi nilipita kwenye gunia nililoshindwa kuliuza.

Jumapili baada ya misa tulikwenda shimo la kwanza, ambako mbele ni uwazi mtupu. Kwanza mizani. Nilikuwa nimekwisha kuipeleka mipira sokoni kwa mnunuzi wa dhahabu, ambaye ana mizani inayosikia hata pumzi, akaniuliza mgodi gani unatoa dhahabu nyeupe ya mviringo. Uzito haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo ardhi, isiyo na mjomba, iliondolewa kwenye kesi. Mwalimu akapiga mipira mipya kwa fimbo moja, taratibu, mkono uleule, na mimi nikachomeka mabua ya mahindi ilipoangukia. Kisha ile yenye tabaka moja la rangi. Kisha yenye tabaka nyingi. Mabua yalirudi nyuma kila mara, kama wadeni waliomwona mdai. Mwisho tukapiga ule nilioutengeneza kwa makusudi: vibonyo vyote, vile vishimo vya ndui vilivyojaa juu ya mpira, vimezibwa kwa puti ya magari, vikapigwa msasa, juu rangi. Laini kama yai la kweli. Ule uliondoka vizuri, halafu hewani ukachoka ghafla, ukashuka. Ulifika kama nusu ya njia ya mpira mpya.

Naandika maelezo ya Mwalimu kama nilivyoyaelewa, mkiona kosa ni langu. Mpira unapokata hewa, hewa inapita pembeni mwake na kuukumbatia. Mpira laini, hewa inauachia mapema, na nyuma yake linabaki pengo kubwa la hewa iliyovurugika linalouvuta kurudi, kama mtu anayekushika shati unapokimbia. Vile vibonyo vya ndui vinaitibua hewa iliyo karibu kabisa na ngozi ya mpira, na hewa hiyo iliyotibuliwa inang'ang'ania mpira muda mrefu zaidi kabla ya kuachia. Pengo la nyuma linakuwa dogo, mkono wa kwenye shati unalegea. Hiyo moja. Ya pili, fimbo inaupiga mpira ukazunguka kinyumenyume. Ukizunguka hivyo ukiwa na vibonyo, unaitupa hewa kwenda chini, na hewa inausukuma mpira juu. Ndiyo maana mpira mzuri unaonekana umesahau kushuka. Mpira laini haupati msaada huo vizuri, na kuna mwendo ambao, alisema, hewa inaweza hata kuukandamiza chini.

"Kwa hiyo ndui ndiyo inayourusha," nikasema.

"Ndui ndiyo inayourusha."

Mzee Deusi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kofia yake, anasikiliza. "Niliwaambia wajiangalie viwiko," alisema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Tulipendekeza hivi: sanduku liwekwe pale shimo la nne linapoanzia, limejaa mipira laini, na kila mchezaji, awe nani, apige mpira wa sandukuni. Akimaliza shimo anaurudisha, anaendelea na wake. Bwana Tumbaku alisema huo si mchezo, ni adhabu, na yeye hajanunua fimbo za ng'ambo ili arushe puti. Wengine wakamuunga mkono. Nikawaambia wachague kati ya puti na kulima, maana kiwanja kikifungwa, nyasi zile zote ni mahindi mwakani na Mama Kizito amekwisha kupima mistari.

Aliyebaki ni Sista Perpetua. Nilimpelekea mpira mmoja laini, na pendekezo la kuujaribu mbele yake asubuhi kukiwa kumetulia. Aliugeuza mkononi.

"Asubuhi ipi?"

"Yoyote, Sista. Saa moja, kabla ya wagonjwa."

"Saa moja kuna baridi. Mwalimu wenu ana wanafunzi, na mmoja ni mwanangu, nasikia mengi. Mimi nataka Oktoba, saa tisa mchana, joto kali, upepo unakuja kwangu."

"Sista, hiyo si haki."

"Mama zangu wanajifungua upepo ukitulia tu? Na mpigaji namchagua mimi."

"Mpigaji ni Mwalimu Ester."

"Mpigaji ni yule aliyekimbilia gari."

Nimebishana Karema na wavuvi, nimebishana na Mama Kizito miaka yote ile, sijawahi kufungwa magoli mengi hivyo katika mazungumzo mafupi. Nikakubali. Mabishano yangu yote yaliishia kwenye idadi: alitaka mipigo sita, tukaishia mitatu.

Siku hiyo watu walikuja kama kwenye mechi. Mwenyekiti wa mtaa alikaa kwenye ndoo yangu tena. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimeachwa wazi, kina mama wamehamishiwa upande wa pili wa jengo, na Sista Perpetua alisimama peke yake nje ya mlango, mikono kifuani. Upepo ulikuwa unaelekea kwake kabisa. Vumbi lilitangulia mbele yetu.

Bwana Tumbaku alitoa fimbo yake kubwa kuliko zote. "Gaspari," alinong'ona, "nitakuonyesha. Nikipiga mimi, hata yai litafika."

"Bosi, likifika umetufungia kiwanja."

"Mimi sijui kupiga pungufu."

Na kweli hakujua. Alipiga mpigo wa kwanza kwa mwili mzima, mlio wake ukasikika mpaka barabarani. Mpira ulitoka kama risasi. Ulipofika pale ambapo mpira mpya ungekuwa ndio kwanza unapanda, ukaonekana kufikiri, ukakata tamaa, ukashuka kwenye majani, mbali kabisa na ua wa zahanati. Watu wakaguna. Mpigo wa pili uliinama mapema zaidi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Embe hilo," na Bwana Tumbaku akageuka ameiva uso.

Mpigo wa tatu alipiga kwa hasira, na hasira inainua kichwa. Fimbo iligusa utosi tu wa mpira. Haukuruka hata kimo cha goti. Ukaenda chini kwa chini, na Oktoba ardhi yetu mnaijua, ngumu kama meza. Hilo hatukulihesabu, si mimi wala Mwalimu. Tulihesabu hewa tu. Ulipita majani, ukavuka mpira wa pili, ukavuka wa kwanza, ukashika kinjia cha wagonjwa na kukifuata kwa adabu, ukaingia getini, ukaenda kugota polepole kwenye benchi la kusubiria, karibu na mguu wa Sista.

Mwenyekiti wa mtaa aliinuka kwenye ndoo. Mzee Deusi alivua kofia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kumwona bila kofia.

Sista Perpetua aliinama akauokota.

"Huu umeruka?" aliuliza, kwa sauti ya kutufikia.

"Umetembea, Sista," nikajibu.

Akaugeuza, akaufuta vumbi kwa kidole. "Anayekuja kwa miguu tunampokea," alisema. "Aende foleni, inaanzia kule."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilivunja kitu kifuani mwangu, maana nilikaa chini. Lakini msidhani alitusamehe hivihivi. Watu walipokuwa bado wanacheka, alikuwa amekwisha kumwambia mwenyekiti kwamba tuchimbe mfereji mbele ya ua, wenye kina cha kutosha kumzuia mgonjwa wa aina ile, na tuuchimbe sisi, kabla ya mvua. Tukauchimba. Ndio ule mnaouruka kila siku mkilaani.

Tangu siku ile hakuna bati lililolia. Mzee Deusi aliishi akaona miaka mingi ya ukimya ule, akafariki kitandani kwake, na Mwalimu Ester alikuja msibani akasema mbele ya watu kwamba hewa ya masika ni nzito. Alisema uongo huo mara moja tu na hajaurudia. Shimo la nne limekuwa ndilo shimo ambalo mwenye nguvu hana faida na mwenye akili ndiye anayecheka, na Bwana Tumbaku, ambaye sasa anatembelea fimbo ya aina nyingine, anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa nafika kwenye shida yangu, na ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika.

Mwezi uliopita, wakati nakabidhi funguo, niliona kamba na vigingi upande wa kule. Zahanati inapandishwa hadhi. Itakuwa na wodi kubwa ya wazazi, vitanda vya kutosha, chumba cha watoto njiti. Wapimaji walitafuta eneo lililo wazi, wakalipata: kipande kile kisicholimwa wala kujengwa na mtu, mbele ya mfereji. Hakilimwi kwa sababu ndipo mipira laini inapoangukia. Nilitembea kigingi hadi kigingi, nikarudi nikatembea tena. Wodi itakaa palepale, katikati kabisa.

Sista Perpetua naye amebakiza muda mfupi astaafu. Nilimkuta amesimama kati ya vigingi, anaonyesha kwa mkono vitanda vitakaa wapi. Aliniambia, "Gaspari, safari hii sina nguvu ya kubishana. Nataka tu niwaone wamelala humu kabla sijaondoka." Nikamwambia atawaona. Sikumwambia kwa vipi.

Basi nyie, wenye macho mazuri na simu zinazojua kila kitu, naomba ushauri. Kuna namna ya kutengeneza mpira unaoruka nusu ya ule wetu, bila kuwa jiwe? Mwalimu Ester anasema mpira mwepesi zaidi unaweza kufaa, kwa kuwa hewa inaushinda haraka, lakini upepo wa Oktoba unaweza kuubeba popote, na yeye hataki kuapa. Au tuligeuze shimo, tupige kuelekea magharibi, wachezaji wa jioni wachomwe na jua machoni? Nimefikiria hata kulifuta, tubaki na mashimo manane, na njia ya la tano tuipitishe shambani kwa Mama Kizito, kama kuna shujaa wa kwenda kumwomba. Nijibuni kabla msingi haujachimbwa. Mkikosa jibu, msione haya, niambieni tu mapema, niende mwenyewe nikamwambie Sista kwamba shimo la nne ni lake.